Askari Hakumjua Mwenye Boma

Bwana asifiwe, tena sana! Nawasalimu nikiwa nimesimama kwa miguu yangu, ndugu zangu. Wale mlionibeba kwa machela mnajua hiyo si salamu ndogo.

Miaka ile miwa ilikuwa miwa! Kwetu Kabras ilipandwa mpaka mlangoni. Mimi nilikuwa nalala mkekani mchana kutwa, homa, viungo vimevimba, mashavu mekundu. Watu wakasema ni majani ya miwa yamenikwaruza. Jamani, mashavu yote mawili, miezi na miezi? Nilikuwa nikitazama maua ya miwa yakiyumba, meupe, kama yananiita niende nayo. Na nilitaka kwenda, sitawaficha.

Daktari akasema ni lupasi. Akaeleza kwamba damu ina chembe nyeupe ambazo ndizo askari wa mwili. Askari wangu mimi hawanijui tena. Wamepiga viungo, sasa wamefika kwenye figo. Akanipa tembe za kuwatuliza. Nikazificha chini ya godoro! Nani hutuliza askari vita vikiwa vimepamba moto? Kikundi chetu cha maombi kilikuwa kinaombanga, "Bwana, waongezee askari wake nguvu!" Nami naitikia Amina, huku nazidi kuvimba. Loo!

Siku moja walichoma shamba letu, kesho yake wakate. Majivu yakaelea, yakanishukia polepole, nikadhani ndiyo nimeshakufa. Mara mbwa wetu, jina lake Askari, akamrukia mtu mweusi langoni akamng'ata mguu. Kumbe ni mume wangu! Masizi yalikuwa yamemfunika uso mzima.

Majirani wakashika marungu. "Msimuue!" mume wangu akalia. "Hajanijua tu." Akanawa uso, akaita taratibu, "Askari, ni mimi." Mbwa akalala chini, akaulamba mguu uleule.

Ndugu zangu, nililia! Nikatoa tembe chini ya godoro, nikameza, nikaomba upya: "Bwana, watulize askari wangu. Wafungue macho wanijue."

Haikuwa siku moja. Figo zilipata nafuu polepole, na tembe nameza hata leo. Asante Yesu! Wewe unayeficha dawa ukiita imani, mtegemee huyu Mungu, umeze. Mimi kila asubuhi nashika magoti yangu, nayaambia, "Ni mimi." Kisha nasimama.