Mwaka Moto Ulipopanda Mitini

Wanajumuiya wa hapa Usevya, Yesu asifiwe. Mmesema Bibi naye asimame ashuhudie. Haya. Magoti yakikataa nitamalizia nimekaa.

Marehemu mume wangu, Lazaro, aliniachia mizinga ya nyuki porini, imetundikwa juu ya miti. Asali ile ndiyo ilinilisha tangu nimzike. Na kawaida yetu mnaijua: mpunga ukishavunwa, tunatoka wote kuchoma majani chini ya mizinga yakiwa bado na ubichi. Moto unatambaa, unalamba chini, unazima wenyewe. Ule mkubwa wa kiangazi ukija haukuti cha kula.

Mwaka ule mvua ikakatika mapema. Mpunga ukafia majarubani. Majani nayo yakakauka, ukiyakanyaga yanalia. Nikawaambia wanaume, twendeni tukachome sasa, umande bado upo. Mmoja akasema, "Bibi, tangu lini tukachoma kabla ya mavuno?"

"Mavuno yapi? Wewe umevuna nini?"

Mwingine akadakia, "Bibi ana haraka, babu anamwita huko kaburini!"

Wakacheka. Ndugu zangu, nawaambia, nakumbuka kila jino. Na kuchoma si kazi ya mtu mmoja. Nikakaa.

Moto ukaja na upepo. Ulikotoka hajui mtu. Haukutambaa, ulipanda. Miti ile imezoea moto tangu mimi binti, ila safari hii ilikuwa na kiu mpaka ndani, ikawaka hadi kileleni. Nilikuta mizinga majivu, nyuki wametapakaa chini kama mtama ulioungua.

Nyie mkasema ni Wasukuma, eti wamechoma pori ng'ombe wao wapate majani mapya. Haya, nikiwa sina hata chumvi, nani alipiga hodi kwangu? Mama Mageni, Msukuma huyo huyo, na mumewe Masanja, wamebeba gogo.

"Mama, tukuchongee mzinga."

Tuliutundika kwenye mti uliopona kando ya mto. Ukakaa mtupu mpaka nikakata tamaa. Siku nyuki walipoingia nililia kwa sauti. Leo nina mizinga tena, nakula changu.

Mama Mageni, asante. Masanja, asante. Mliocheka, majina yenu ninayo yote. Sitayataja mbele ya msalaba.

Nililojifunza ni dogo: yatazameni majani, msingoje mazoea. Mwaka huu mvua imekatika mapema tena. Kesho alfajiri, umande ungalipo, nakwenda kuchoma. Anayekuja aje na tawi bichi la kuzimia moto.