Dawa ya Huzuni na Winchi Ndefu

Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliowahi kumwagiwa zege, umekalishwa juu ya matofali, mbele yake geti la jengo linaloendelea kupanda na ng'ambo ya barabara duka la dawa. Hapo ndipo dunia huendeshwa kila asubuhi kabla kengele ya kazi haijalia, na huendeshwa vizuri kuliko inavyoendeshwa na wanaolipwa kuiendesha. Birika, muuza kahawa, ana kauli ya mwisho kwa sababu vikombe ni vyake. Wakili ni fundi cherehani. Mahakamani aliingia mara moja tu, aliposhtakiwa kwa kuchelewesha suti ya bwana harusi, na tangu hapo hasemi, anawasilisha hoja. Breki ni dereva wa lori, na jina hilo alipewa na watu waliokuwepo siku alipoitafuta akaikosa. Wa nne ni Mnara, anayeendesha winchi ndefu ya pale jengoni. Kwa kawaida ni mtu wa maneno machache, na asubuhi hiyo hata hayo machache alitamani kuyameza.

Kisa chenyewe kilianza jana jioni. Mwenye duka la dawa, mama mwenye roho safi na sauti isiyojua siri, alimwona Mnara akipita upande wa pili akamwita kwa wema wote: "Kaka Mnara, ile dawa yako ya huzuni imefika." Mtaa mzima uligeuka. Hata wasiomjua walimtazama kwa huruma, na mmoja alimpa pole ya msiba.

Mnara alikuwa ameshawaeleza wenzake mpaka mate yakamkauka. Huzuni hana. Ana kipandauso cha miaka nenda miaka rudi, kinachomshika nusu ya kichwa kama kimetumwa. Daktari alimwambia dawa hii ilitengenezewa watu wenye huzuni isiyoisha, ila ikinywewa kidogo hutuliza na kipandauso, hata kama kwenye boksi hayo hayakuandikwa. Na kweli kimetulia. Kabla ya hapo alikuwa ananyanyua nondo jicho moja amelifumba, mfuko wa kutapikia unaning'inia pembeni. Siku hizo hakuna aliyemwita hatari.

Sasa leo daktari wa kampuni anawapima watu wote wa mashine, na swali lake linajulikana: unatumia dawa yoyote? Akisema ndiyo, huenda wakamteremsha, na anayeteremshwa winchi hupewa ufagio. Akisema hapana, atapanda kama kawaida. Mkewe hupenda kuwaambia majirani, "Mume wangu yuko juu," huku akiwaonyesha kwa kidole. Mnara hakujua angeonyeshwa wapi akiwa na ufagio.

— Hoja yangu ni fupi, alisema Wakili, na wote wakajua kahawa itapoa. Dawa ina kazi yake. Ikiingia mwilini isiukute ugonjwa ilioitiwa, mnadhani itakaa bure? Itatafuta. Ikikosa huzuni, itaitengeneza, ili ipate cha kutibu.

— Kwa hiyo ataanza kulia kule juu? aliuliza Birika.

— Kucheka, alisema Breki. Dawa ya huzuni kwa mtu asiye na huzuni, furaha inafurika. Atafurahi mpaka akatae kushuka. Tutamwitia mkewe na ngazi.

— Aliye juu mngoje chini, Wakili akahitimisha, kama anayesoma hukumu.

Mnara akanyoosha kikombe, Birika akakijaza. Birika hakuficha shukrani zake. Alisema zamani Mnara alikuwa mtu wa kikombe kimoja, anakinywa kama anakionea aibu, lakini tangu aanze dawa hii amekuwa mteja wa kuombewa dua. Hapo Breki akapata ushahidi aliokuwa akiutafuta: wenye kiwanda cha dawa na wenye mashamba ya kahawa lao moja. Wakili hakukubali kupitwa. Alidai kampuni nayo imetia dawa hiyo hiyo kwenye pipa la maji ya kunywa, ndiyo maana hakuna tena mfanyakazi anayelalamikia glovu zilizotoboka. Alipoulizwa amejuaje, alijibu kuwa wasiojua ndio huuliza.

Mnara akachoka.

— Na nyinyi mnakunywa nini?

Walimjibu bila haya, tena kwa kujisifu. Breki kichwa kikimuuma hunywa vidonge vya presha vya mama mkwe wake, na kwenye milima hupiga funda la dawa ya kikohozi kwa sababu inanyoosha kona. Wakili hutumia dawa ya minyoo ya mbuzi, nusu kipimo, maana mbuzi ana tumbo na yeye ana tumbo. Birika hupaka fizi mafuta ya macho, na anadai tangu aanze, anaona vizuri anapotafuna.

— Tofauti ni kwamba sisi hatukuandikiwa na mtu, alisema Breki. Wewe umeandikiwa. Ndiyo maana una kesi.

Baada ya hapo wakageukia kumwokoa, na hapo ndipo walipokuwa hatari zaidi. Breki alimshauri afiche tu.

— Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Basi kufichua ni kazi ya kilio, si yako. Usimwingilie mwenzio kwenye kazi yake.

Wakili alitaka jambo lifanywe kisheria.

— Ukiulizwa kama unatumia dawa, muulize ya ugonjwa gani. Akilisoma boksi, atakuta ni ya huzuni. Useme, mimi huzuni sina. Hujasema uongo hata neno moja.

Mnara aliyarudia maneno hayo kimoyomoyo, na yalimpendeza, na akaona aibu kwamba yamempendeza. Kulikuwa na jambo ambalo hakuwaeleza. Yule daktari aliyemwandikia dawa alimwambia asipande winchi kwanza, mpaka waone dawa inamkaaje, kisha arudi kumwona. Hakurudi. Kichwa kilipopona, na masikio yakasahau. Kisha wiki iliyopita, akiwa juu na mzigo hewani, aliuona mkono wa mpiga ishara ukishuka, lakini hakukumbuka kuuona ukipanda. Mzigo ulitua salama. Yeye hakumwambia mtu, hata mkewe.

Nyuma ya Birika alikuwa amesimama mama mmoja wa makamo, kofia ngumu mpya kwapani, akingojea zamu yake ya kikombe. Alikuwa amesikia kesi yote tangu dawa inayotafuta kazi mpaka mbuzi mwenye tumbo.

— Samahani kaka, alisema. Wewe ndiye wa winchi?

— Ndiye, alijibu Wakili kwa niaba ya mteja wake.

— Mimi ndiye mfunga mizigo mpya. Leo ndiyo naanza, nitakuwa chini yako. Hiyo dawa inakuletea usingizi?

Wakili alifungua mdomo kuweka pingamizi, akaufunga. Breki akainama kukagua tairi, na lori lake halikuwepo. Kwa maneno walikuwa wamefika kiwandani, wamezunguka mashamba ya kahawa, wamechungulia mpaka ndani ya pipa la maji, lakini hapo hawakuwa wamepita.

Mnara aliuona tena ule mkono unaoshuka. Jibu la Wakili lilikuwa tayari mdomoni, ila lilishonewa swali jingine, na kwa hili lilimbana. Alimtazama yule mama, na ile kofia nyepesi aliyopewa imkinge na shehena ya nondo. Bila kujua anafanya nini, akanyoosha kikombe kwa Birika.

Birika hakumimina. Alikitazama kikombe, akamtazama mama, kisha akaliinamisha birika mbele ya wote. Yalidondoka machicha ya kahawa.

— Yote umekunywa wewe, alisema taratibu, na safari hii hakukuwa na shukrani.

Kengele ya kazi ikalia. Watu wakaanza kumiminika getini, na mlango wa chumba cha daktari wa kampuni ukafunguliwa. Mama yule hakwenda. Alivaa kofia yake, akakaa kwenye ncha ya benchi, akamngoja Mnara.