Vidole vya Fundi Kristofa

Ilikuwa mwaka wa sabini na nne, asubuhi, ukungu wa Lushoto ungali umelalia mabonde. Kwenye benchi la kona ya kushukia sokoni kahawa ilikuwa imeshamiminwa. Fundi Kristofa, seremala, alikaa ukingoni, mikono kaificha ndani ya koti alilofungwa vifungo na mkewe Klara, maana asubuhi vidole vyake havikunjiki. Wenzake walimjadili kana kwamba hayupo. Balozi Rajabu, kiongozi wa nyumba zao kumi, alitakiwa Jumatatu awataje mkutanoni wanaokwepa shamba la kijiji, na Kristofa hakuwa ameonekana shambani tangu mvua zianze.

— Alfajiri kwenye jembe hayupo, alisema Balozi. Alasiri napita kwake, namkuta anachonga magongo. Sasa mimi nikaseme nini?

Magongo hayo Kristofa aliyachonga bure. Akina mama wa kanisani na wa msikitini walikuwa na chama chao cha kuwasaidia wagonjwa wa viungo, naye jua likishampasha mikono, huwachongea.

— Mimi nawaambia ni gundi, alisema Redio, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hazimiki. Miaka yote anashika gundi ya mbao, imemwingia mishipani. Baridi ikipiga inaganda, jua likitoka inayeyuka.

— Gundi wapi! alidakia mzee Mjerumani, ambaye utotoni alichunga ng'ombe wa Wajerumani kule Kwai na hajaacha kuyasema mpaka leo. Huyu aliangusha mkulo msituni bila kuuomba radhi. Mti mkubwa vile! Sasa unamkausha naye awe ubao. Unaanza na vidole, unakuja magoti, unamalizia ulimi.

— Basi mzee, alisema Redio, ulimi wako ungekuwa umeshakauka zamani.

Wakacheka. Kristofa akangoja wanyamaze.

— Daktari alinieleza, alisema taratibu. Mwilini mna askari wanaopigana na maradhi. Wangu wamegeuka, wanaupiga mwili wenyewe. Ugonjwa huu hauponi, unatulizwa tu.

— Mgambo wampige mwenye kijiji? Redio aliruka. Balozi, hayo sasa ni mapinduzi!

Benchi likaangua kicheko tena. Kristofa aliiwazia Jumatatu: atasimamishwa mbele ya watu, na wanawe watasikia baba yao akiitwa kupe.

Hapo akatokea mama mmoja, amejiegemeza kwenye gongo, anahema kwa mlima.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mama.

— Naitwa Zuhura, natoka Mazinde, nimekuja hospitali. Namtafuta fundi wa magongo. Hili langu, kishikio kimelegea.

Kristofa akainuka kwa shida. Alilipokea gongo kwa viganja viwili, vidole vimenyooka kama vijiti. Zuhura akavitazama, kisha akavitazama vyake mwenyewe, navyo vimekakamaa vivyo hivyo.

— Na wewe?

— Na mimi.

Mama yule akawageukia waliokaa.

— Huyu anatuchongea sisi tusiojiweza. Na yeye, ninyi mnamsaidia nini?

Redio alisogea kumpisha mama yule akae.  Punda wakapita wakishuka sokoni na mizigo ya kabichi.

Balozi Rajabu akasogea, akaushika mkono wa Kristofa. Viungo vilikuwa vimevimba, vinawaka moto.

— Hivi tangu lini, fundi?

— Tangu mwaka wa Azimio la Arusha.

— Miaka yote hiyo! Na hukutuambia?

— Niliwaambia, Balozi. Mlikuwa mnacheka.

 Balozi aliendelea kuushika ule mkono, na Kristofa hakuuondoa.

Jumatatu Balozi hakumtaja Kristofa miongoni mwa wakwepaji. Alisimama akamwombea zamu ya alasiri, ya kutengeneza mipini ya majembe. Wapo walionung'unika, lakini ikapita. Vidole havikupona. Mwaka uliofuata vilipinda zaidi, na ikawa Redio ndiye anayekwenda kumshikia mbao, akipiga soga mfululizo, huku Kristofa akiranda polepole.