Maziwa Hayaoshi Mapafu

Risala ya wazazi wa mafundi wa maabara ya meno, siku ya kuzindua mashine mpya ya kuchonga meno

Mgeni rasmi, daktari mkuu wa meno, msimamizi wa maabara, mafundi ambao ni watoto wetu, na ninyi wagonjwa, wenye mashavu yaliyovimba na yasiyovimba: tunawasalimu nyote.

Karibu sana, mgeni rasmi. Umeacha shughuli zako ukaja kusimama nasi katika chumba hiki kinachonuka rangi mpya. Tumefurahi, na tumeogopa pia. Furaha tutaisema kwanza. Hofu lazima tuiseme kabla hujabonyeza kitufe cha mashine, maana ukishabonyeza tutakuwa tumechelewa. Tuliombwa tusome shukrani tu, tena fupi. Shukrani zipo. Lakini sisi ni wazazi, na mzazi akishapewa kipaza sauti, kumpangia maneno ni kazi bure.

TULIKOTOKA

Maabara hii ilianzia chumba cha nyuma ya kliniki, kilichokuwa stoo ya magodoro. Mgonjwa aliyetaka jino la bandia alijazwa mdomoni ule uji mzito wa rangi ya waridi, akaambiwa ang'ate na atulie. Watoto walitapika. Watu wazima nao walitapika, ila wao walisingizia chai. Chapa ya meno ikipatikana, mafundi waliimiminia plasta, wakachonga, wakachoma kwenye tanuri, wakasugua kwa msasa. Mgonjwa alirudi nyumbani kusubiri. Akiitwa tena, jino linaweza kuwa refu, linagonga la chini, basi linarudi mezani kusuguliwa upya.

Hapo ndipo watoto wetu walipojifunzia kazi. Walikuwa wanarudi nyumbani na mvi za plasta. Binti yangu mimi ninayesoma, wenzake wanamwita Msasa, kwa sababu haruhusu jino liondoke mezani kwake na mkwaruzo hata mmoja. Jirani alimwona getini akaniuliza, "Huyu binti yako anafanya kazi kwenye mashine ya kusaga unga?" Nikamjibu, "Anatengeneza meno ya kutafunia huo unga." Tukacheka sana. Wakati ule tulikuwa tunacheka.

TUNAYOJIVUNIA

Siku hizi mambo yamebadilika, na tunasema asante kutoka moyoni. Daktari anaingiza mdomoni kijikamera kama mswaki mnene, anakizungusha taratibu, na meno yote yanatokea kwenye kioo cha kompyuta, hadi lile lililooza ulilokuwa unalificha. Hakuna tena uji wa kung'ata. Picha inakwenda maabara kwa kompyuta. Fundi analichora jino pale pale, analigeuza juu chini, analiangalia lisije likamkera mwenziwe. Na hii mashine iliyofunikwa kitambaa italichonga kutoka kwenye kipande kigumu cheupe, lifike kwenye tanuri bila mtu kushika msasa kutwa nzima.

Mama mmoja katika kundi letu amewekewa meno yaliyopimwa kwa kamera hiyo. Anasema, "Zamani nilikuwa nacheka mkono uko mdomoni. Sasa mkono nauweka kiunoni, nacheka mpaka watu wananiogopa."

Kwa hiyo asitokee mtu akasema kina mama wanapinga maendeleo. Mashine tunaitaka. Tunaitaka na vitu vyake vyote.

KINACHOTUNYIMA USINGIZI

Ni vumbi, mgeni rasmi.

Vumbi la plasta, la vyuma, la hivyo vipande vyeupe. Sisi tunalijua kwa sababu makoti ya kazi tunayafua sisi. Unaloweka koti, maji yanakuwa kama ya kuoshea mchele. Ukimaliza, chini ya beseni kuna tope laini linaloteleza vidoleni. Tukawa tunajiuliza, kama koti limebeba hivi, pua je?

Meza ya zamani ilikuwa na kinyonya vumbi. Kikaungua. Tukaambiwa kitatengenezwa. Kipo pale pale mpaka leo, kinawekewa birika la chai. Mafundi wakabaki na barakoa za karatasi, ambazo zikilowa jasho mtu anazishusha kidevuni.

Msimamizi ni mtu wa huruma, hilo tulitamke mbele yake. Alipoona watoto wanakohoa, aliagiza maziwa. Kila fundi anywe maziwa yasafishe kifua. Nasi tulimbariki kwa hilo, tukaongeza mengine nyumbani. Jioni nilikuwa namwambia Msasa, "Kunywa, mwanangu, vumbi lishuke." Ananijibu, "Mama, nimeshakunywa kazini. Mtanigeuza ndama."

Kikohozi hakikushuka. Siku moja tukipanda ngazi, aliketi katikati akajifanya anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa kandambili. Nikampeleka kwa daktari wa kifua.

"Unavuta sigara?"

"Sivuti."

Nikadakia, "Havuti, daktari. Nanusa kila akirudi."

"Unafanya kazi gani?"

"Natengeneza meno."

Daktari akaweka kalamu chini. Akauliza habari za vumbi, na mimi kwa kujiamini kabisa nikamwambia asiwe na shaka, mtoto anakunywa maziwa kila siku. Hakunicheka. Alisema, "Mama, maziwa yanapita njia ya chakula, yanakwenda tumboni. Vumbi linapita njia ya hewa, linakaa kwenye mapafu. Hayakutani popote."

Akatueleza kwamba vumbi la namna hii likishatia makovu kwenye mapafu, hakuna dawa ya kuyafuta. Kilichobaki ni kulizuia lisiendelee kuingia. Makovu ya binti yangu, alisema, bado ni madogo. Alisema "bado". Nimeliweka neno hilo chini ya mto, nalala nalo, naamka nalo.

Wazazi wenzetu mliokaa nyuma, mnaotaka watoto wenu wasomee kazi hii, msiwakataze. Ni kazi ya heshima, inamrudishia mtu uso wake. Ila msidanganyike na maziwa kama sisi. Na koti la maabara msilikung'ute ndani ya nyumba, kuna wadogo zao wanapumua humo.

Sasa tumefika penyewe. Mashine hii mpya ilikuja na kinyonya vumbi chake, sanduku kubwa lenye bomba. Watoto walilifunga, tukapiga vigelegele. Jana tulikuja kupanga viti, tukakuta linafunguliwa.

"Mwanangu," tukamwita msimamizi, "mnalipeleka wapi?"

"Stoo, mama zangu. Linanguruma, mgeni hatasikika. Na hilo bomba linaharibu picha."

"Na vumbi?"

"Ni jino moja tu la kuonyesha. Kesho linarudi."

"Litarudi kama kile cha birika?"

Alipotaka kujibu, kikohozi kikamwahi. Naye kifua chake si kizima, mgeni rasmi. Hatumsemi kwa ubaya. Tunamwogopea kama tunavyowaogopea wetu.

TUNALOKUOMBA

Tunakuomba usibonyeze kitufe mpaka bomba lirudi mahali pake.

Tunajua umepangiwa muda wako na wapiga picha wamejipanga. Mzee wetu wa mstari wa mbele, dereva mstaafu ambaye jino la leo ni lake, tumemuuliza kama ataweza kungoja. Amesema, "Pengo langu na mimi tumeshazoeana. Fungeni bomba."

Ukiwa na neno lako huko kwenye ofisi kubwa, litoe: mashine kama hii isiwashwe popote bila kinyonya vumbi chake. Mafundi wapewe barakoa zinazobana vizuri, wapimwe vifua kabla hawajaanza kuketi kwenye ngazi, na makoti yafuliwe hapa hapa. Maziwa yaendelee kuja. Watoto wanayapenda. Lakini yaje kama maziwa, yasije kama dawa.

Hatutaki watoto wetu waache kazi. Mimi nilimwambia Msasa aache. Akaniambia, "Mama, nikiacha, kwenye kiti changu atakaa mwingine, na yeye ana mama." Ndiyo maana nipo hapa nasoma.

Mgeni rasmi, Mungu akupe pumzi nzuri wewe na wanao, usingizi wenu usikatizwe na kikohozi, na uzee ukukute unacheka bila kuziba mdomo.

Bomba lipo stoo, nyuma ya viti vibovu, na mlinzi ametukabidhi ufunguo. Mafundi wanasema kulifunga si kazi kubwa. Likianza kunguruma, tutasogeza viti karibu, tutakusikia.

Ni sisi, Wazazi wa Mafundi wa Maabara ya Meno. Tunakwenda kulibeba sasa hivi. Tunaomba mtupishe mlangoni.