Nafasi Kando ya Mume

Kwenye treni ya asubuhi, mjane mmoja aligundua kuwa jirani yake kitini ni fundi wa kujenga makaburi. Akamwomba amchimbie lake kando ya mumewe. "Karibu kabisa, fundi, kiwiko changu kimfikie."

"Kiwiko cha nini, mama?"

"Parapanda ikilia, nani atamwamsha? Yule alisinzia hata kwenye harusi yetu."

"Hiyo ni sauti ya Mungu, si saa ya mezani."

"Wewe hujalala naye miaka arobaini."

Mimi niliyekaa kiti cha mbele yao naamini ufufuo tangu utotoni, ila sikuwahi kuwafikiria wenye usingizi mzito.

Fundi akasema kati ya makaburi lazima ajenge ukuta wa matofali. Treni ikasimama, fundi akashuka. Mjane akashuka nyuma yake, akiuliza kama tofali moja tu, usawa wa kiwiko, haliwezi kukaa bila saruji.