Gauni la Sita

FUNDI: Haloo? Ni nani? Kama ni lile la harusi, bado pindo tu—

SHANGAZI: Pindo gani? Ni shangazi yako. Simu yangu imekufa, hii nimeazima kwa jirani, na salio lake ni la kubahatisha.

FUNDI: Shangazi! Shikamoo!

SHANGAZI: Marahaba. Simamisha hiyo cherehani, inaningurumia sikioni.

FUNDI: Haya, imenyamaza. Habari za huko?

SHANGAZI: Nzuri. Kaka yako kanipigia asubuhi.

FUNDI: Seremala mwenyewe? Anataka nini?

SHANGAZI: Kauliza rufaa inakatwa ndani ya siku ngapi. Nimekaa masjala ya mahakama ya rufaa miaka ishirini na mbili mpaka nastaafu, swali hilo najibu hata usingizini. Thelathini. Akashukuru, akakata simu. Mimi nikabaki naitazama kalenda. Wewe umekata rufaa?

FUNDI: Niko mbioni! Nimebakiza gauni moja.

SHANGAZI: Gauni linahusianaje na rufaa?

FUNDI: Mashahidi, shangazi! Nimepata wanawake watano, wote wateja wangu, dirisha langu analotaka kuliziba kaka wanalijua. Nimewashonea sare. Bluu, kola nyeupe. Wakiingia pale kwa mstari, majaji wenyewe watakaa vizuri—

SHANGAZI: Uwiii! Jamani!

FUNDI: Nini? Kola nyeupe imezidi?

SHANGAZI: Mwanangu, kule hawasikilizi mashahidi.

FUNDI: Unasemaje? Unakatika-katika—

SHANGAZI: Nasema HAWASIKILIZI MASHAHIDI! Wanasoma! Yote mliyosema kule chini yameandikwa. Majaji wanasoma waone kama hakimu alikosea sheria, au kuna mtu alinyimwa nafasi ya kusikilizwa. Mteja akikurudishia suruali imefumuka, unashona suruali mpya?

FUNDI: Hapana. Natafuta mshono ulipoachia.

SHANGAZI: Ndiyo rufaa hiyo. Hukumu unayo?

FUNDI: Ipo hapa, chini ya kopo la vifungo.

SHANGAZI: Nisomee pale hakimu alipokuangusha.

FUNDI: Ngoja niwashe taa.

SHANGAZI: Taa? Saa saba mchana?

FUNDI: Mbao za kaka. Kaziegemeza dirishani tangu juzi. Anasubiri tu siku ya kujenga ukuta wake.

SHANGAZI: Soma.

FUNDI: "Mahakama ilifika kwenye eneo la mgogoro, ikaonyeshwa chumba na mdaiwa, na ikajiridhisha kwamba chumba kina mwanga wa kutosha hata bila dirisha hilo."

SHANGAZI: Walifika lini?

FUNDI: Jumanne ile nimekwenda kumpima bibi harusi.

SHANGAZI: Uliambiwa wanakuja?

FUNDI: Niambiwe na nani? Nimekuja kuyasoma humu humu. Siku ile nilirudi nikakuta taa zote zinawaka, nikajilaumu kwamba nimesahau kuzizima. Shangazi... mimi huwa sisahau kuzima taa.

SHANGAZI: La taa liache, huna wa kulithibitisha. Chukua kalamu.

FUNDI: Ninayo chaki.

SHANGAZI: Chaki hiyo hiyo, utanakili baadaye! Andika: hakimu alikagua chumba bila mdai kujulishwa wala kuwepo.

FUNDI: ...wala kuwepo. Halafu?

SHANGAZI: Basi. Mshono umeachia hapo.

FUNDI: Hivi tu? Mimi nilishajiandaa hata kulia!

SHANGAZI: Machozi yako hayasomeki. Sasa sikiliza, leo ndiyo siku ya thelathini, na masjala inafungwa saa tisa.

FUNDI: Mama yangu! Leo? Kwa nini hukunipigia mapema?

SHANGAZI: Kwa sababu mimi ni shangazi wa wote wawili. Angekuwa yeye amekaguliwa kisogoni, ningemsaidia yeye. (mikwaruzo) ...umenisikia?

FUNDI: Nimekusikia. Viatu viko wapi... Na nikishinda, dirisha linabaki?

SHANGAZI: Si lazima. Wanaweza kuirudisha kesi isikilizwe upya, kwa hakimu mwingine.

FUNDI: Upya? Na mashahidi?

SHANGAZI: Na mashahidi.

FUNDI: Kumbe magauni yangu hayajapotea bure!

SHANGAZI: Yatundike vizuri, yasikunjike.

FUNDI: Ila shangazi, hawa watano wanajua tu kwamba dirisha lipo. Hakuna aliyekuwepo siku baba analitoboa, akaniambia, huu ndio mwanga wako, asikuzibie mtu. Aliyesikia ni mmoja tu, na nilipomwomba mara ya kwanza alisema hatasimama kati ya—

SHANGAZI: Saa saba na nusu hiyo. Nenda.

FUNDI: Nakwenda. Samahani, sikutaka kukukumbusha.

SHANGAZI: Hukunikumbusha. Sijasahau. Kitambaa cha bluu kimebaki?

FUNDI: Kimebaki kidogo. Cha nini?

SHANGAZI: Ukirudi kutoka masjala, kata la sita.

FUNDI: La nani?

SHANGAZI: Mabega yaachie nafasi, na hiyo kola isinibane, nikianza kuongea huwa sinyamazi haraka. Salio linalia. Vipimo vyangu—

FUNDI: Shangazi? Haloo? ...Vipimo ninavyo, shangazi. Ninavyo.