Bi Misimu Miwili, Mchora Ramani Aliyerudi Kuangalia

Ndugu, majirani, na ninyi mliotoka mbali na viatu vyenu bado vina vumbi la njiani, poleni kwa msiba. Mimi ninayesoma ni mdogo wa marehemu, ninayemfuata kwa kuzaliwa. Kazi yangu ni ufundi bomba, si uandishi, kwa hiyo nikikwama mnivumilie. Tarehe zote zilizomo humu, isipokuwa za siku zake za mwisho, aliziandika marehemu mwenyewe kwenye karatasi mbili akanikabidhi, kwa sababu, kwa maneno yake, mimi na tarehe hatujawahi kupatana.

Dada yetu alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, katika hospitali ya wilaya, mtoto wa kwanza wa karani wa posta na mshona nguo. Tulimfuata wengine watatu. Tulikulia katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya posta, yenye paa bapa la saruji lililopandwa kwa ngazi ya chuma. Akiwa na miaka tisa alipanda huko na penseli, akachora mtaa mzima nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita: nyumba, vichochoro, kamba za kuanikia nguo, na choo cha jirani kikiwa hakina mlango. Jirani alikuja juu, akamlalamikia baba kwamba anaumbuliwa na mtoto mdogo. Baba aliitazama ile kalenda kwa utulivu, akamjibu kuwa haoni kosa kwenye mchoro. Mlango ulitiwa wiki hiyo hiyo, na dada akapanda tena juu kuuongeza.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli kuanzia 1965 hadi 1971, kisha sekondari ya bweni ya wasichana hadi 1977. Mwaka 1978 aliingia chuo cha upimaji na ramani, mwanamke peke yake katika darasa la watu ishirini na sita, akamaliza wa pili. Huyo wa kwanza tulimsikia nyumbani kwa miaka mingi, na hatukuwahi kumsikia kwa wema. Tarehe 5 Januari 1981 aliajiriwa katika ofisi ya ramani, na Septemba 1984 alipelekwa nje kwa miezi kumi na minane kusomea namna ya kuchunguza ardhi na mimea kwa picha za setilaiti. Alirudi na koti zito ambalo hakulivaa tena, na elimu ambayo nyumbani hatukuielewa hata kidogo. Alitufafanulia hivi: majani mabichi hurudisha mwanga ambao macho yetu hayauoni, ila setilaiti inauona, na ofisini mwanga huo hupakwa rangi nyekundu ili binadamu naye aone. Kwa hiyo katika picha zake msitu wenye afya ulikuwa mwekundu kama pilipili. Mama yetu, Mungu amrehemu, alikubali kwa heshima tu.

Ndoa yake nayo ilitokana na wekundu huo. Fundi saa aliitwa ofisini kutengeneza saa ya ukutani, akakuta picha kubwa nyekundu juu ya meza ya dada, akauliza kwa huzuni ya kweli kama moto ule uliua watu. Dada alicheka mpaka akatafuta kiti. Fundi alirudi siku ya pili kuitazama saa ambayo haikuwa na tatizo lolote, na siku ya tatu vilevile. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1987, wakajaliwa binti na mwana. Shemeji yetu ni mtu wa maneno machache, na ndani ya nyumba ile ilimfaa awe hivyo, maana mkewe alikuwa na neno kwa kila jambo, kuanzia siasa hadi namna ya kukunja shuka.

Sasa nafika mahali ambapo baadhi ya wazee wa familia waliniomba niruke. Walisema mambo kama haya hayasomwi mbele ya jeneza. Nawaheshimu, lakini marehemu aliandika pembeni ya karatasi yake, kwa herufi kubwa, USIRUKE, na mimi tangu utoto sijawahi kumshinda.

Mwaka 2003 ofisi iliombwa ramani ya bonde moja, kuonyesha ardhi ipi ina mimea na ipi ni tupu, kwa kuwa ardhi tupu ilikuwa igawiwe kampuni ya mashamba makubwa. Dada alichagua picha za Agosti ya mwaka uliotangulia. Wenzake wa kazi wataelewa kwa nini: masika mawingu hufunika kila kitu, na kiangazi anga ni safi, picha inatoka bila doa. Alifanya kazi yake vizuri, akaweka alama ya ardhi tupu kwenye hekta elfu nne, akatia sahihi tarehe 11 Februari. Miti ya bonde lile hupukutisha majani yote kiangazi. Hakwenda kuiona.

Mwezi Mei mfuga nyuki mmoja aliingia ofisini na gunia. Familia yake ilikuwa ya kwanza kuhamishwa katika familia thelathini na tisa. Alimwaga gunia juu ya meza ya mapokezi, yakatoka matawi yenye majani mabichi, akauliza ni nani aliyesema kwao hakuna miti. Watu wote wakaanza kutafuta kitu kwenye makabati. Dada alisimama, akasema, "Ni mimi."

Aliondoka naye siku ya tatu kwa gari la ofisi. Dereva wa siku hiyo, ambaye yupo hapa, ndiye aliyetusimulia kwamba dada alishuka, akasimama kwenye kivuli cha miti ambayo ramani yake ilisema haipo, kisha akakaa chini kwenye majani. Alishinda bondeni siku sita akihesabu miti kwa mguu. Aliporudi alimwandikia mkuu wa idara kwamba ramani ina kosa na ifutwe. Mkuu, ambaye alimpenda na alikusudia kumwachia kiti chake, alimshauri aandike kuwa setilaiti ndiyo iliyokosea, mambo yaishe kimyakimya.

"Setilaiti haikukosea," dada alimjibu. "Iliona miti haina majani, na kweli haikuwa nayo. Aliyesema hakuna miti ni mimi."

Aliyasema hayo hayo mbele ya kamati ya ardhi. Ramani ilifutwa, familia thelathini na nane zikabaki kwenye makazi yao. Kiti cha mkuu wa idara kilikwenda kwa mwingine, na dada akapelekwa masjala kupanga mafaili kwa miaka miwili. Nilimuuliza kama anajuta kusema. Alinijibu kuwa anachojuta ni kutia sahihi. Nasema wazi mbele yenu kwamba sijawahi kumwonea mtu fahari kama nilivyomwonea yeye siku zile, akirudi jioni na vumbi la mafaili kwenye nywele.

Alipotolewa masjala alikataa kutia sahihi ramani yoyote isiyo na picha za misimu miwili na isiyokaguliwa kwa miguu. Vijana wa ofisi wakamwita Bi Misimu Miwili, mwanzoni kwa kumsengenya, baadaye kwa kujisifu kuwa amewafundisha yeye. Sita kati yao wamebeba jeneza lake leo. Alistaafu tarehe 14 Machi 2018.

Lakini eneo la yule mfuga nyuki lilikuwa limeshalimwa kabla ramani haijafutwa. Alipewa kipande kingine ng'ambo ya mto, na nusu ya nyuki wake hawakumfuata. Kila mwaka mwezi Oktoba, miti inapochipua, dada alisafiri kwenda kuitazama na kuandika kwenye daftari. Mzee alimpokea, akampa kiti, akatembea naye. Dada aliomba radhi mwaka wa kwanza, na mzee hakujibu. Hakuomba tena, maana aliona ni kumsumbua mtu. Alikwenda tu, kila mwaka, na kila mwaka alirudi na daftari tu. Sisi nyumbani tulijua anasubiri neno moja.

Alianza kuugua figo Novemba 2022. Alitibiwa hospitali ya rufaa, wodi namba nne, na binti yake muuguzi hakumwachia mtu mwingine kazi ya kumhudumia. Oktoba mwaka huu ikawa inapita bila safari. Tarehe 24, mchana, mfuga nyuki aliingia wodini, sasa ana miaka themanini na mmoja, kofia mkononi.

"Miti imetoa majani," alimwambia. "Nimeona huji, nikasema nije mimi."

Dada aliuliza kama ni yote. Mzee alifikiri, akasema yote, isipokuwa mmoja wa kando ya mto. Dada aliniamuru niandike kwenye daftari. Niliandika yote, nipate kumaliza, kwa sababu nilimwona anachoka. Alinitazama mpaka nikauongeza ule wa kando ya mto, ndipo akatia sahihi.

Mzee alipoondoka, dada aliniuliza kama nadhani yamekwisha. Nikamwambia bila shaka yamekwisha.

"Hukumuuliza," alisema. "Unadhani tu."

Alifariki Alhamisi, tarehe 2 Novemba 2023, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, wadogo zake watatu, mashemeji, wapwa, wanafunzi wake wa kazi, na huyu mfuga nyuki aliyekaa safu ya pili, ambaye familia imeamua aandikwe hapa pamoja nasi.

Jana alipofika msibani nilimpeleka kando nikamuuliza lile ambalo dada alishindwa kuliuliza tena kwa miaka ishirini. Mzee alinishangaa. Aliniuliza mtu mwenye kinyongo angepandaje magari mawili kwenda kumweleza mgonjwa habari za miti. Nikamwambia dada hakuwa na uhakika, mpaka anakufa. Hapo mzee alikaa chini.

"Yalikwisha zamani," alisema. "Nilidhani anajua."

Dada, nimemuuliza. Yalikwisha zamani. Lala kwa amani.